Nta Kwenye Gego la Mwisho

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa na ndoo za asali zikishafunikwa, Magreth alimfuata kaka yake Hilari nyuma ya nyumba yao pale Ng'ambo, mjini Tabora. Hapo palikuwa na gogo la kukalia, na hapo ndipo Hilari alipofanyia mazoezi ya tarumbeta. Tarumbeta lenyewe lilikuwa mali ya usharika wao wa Moravian. Hilari, fundi baiskeli wa miaka kumi na tisa, alilipuliza kwenye bendi ya kanisa. Siku ambazo hakuchoka sana, alimfundisha mdogo wake. Yeye alipuliza kidogo, akakifuta kipulizio kwa shati, akampa Magreth, naye akapuliza kidogo.

Jioni moja ya Kwaresma, Magreth alilipeleka tarumbeta mdomoni akaliondoa upesi kama aliyelamba pilipili.

"Mh! Kaka, kinanuka!"

"Kinanuka nini?"

"Kama migebuka iliyolala kwenye treni."

Hakuna mtoto wa Tabora asiyeijua harufu ya samaki wa Kigoma treni inapochelewa. Hilari alikasirika. "Ni shaba hiyo. Shaba ndivyo inavyonuka."

"Shaba ya jana haikunuka hivi," alisema Magreth, akafuta midomo yake kwa kanga mara mbili, mara tatu. "Kaka, hebu fungua mdomo."

Hilari alisitasita, kisha akafungua. Magreth alimulika kwa tochi ya simu. Afadhali asingemulika. Kule nyuma kabisa, baada ya magego yote, jino jipya lilikuwa limechungulia nusu. Nusu nyingine ilifunikwa na kipande cha ufizi kilichovimba, chekundu kama ini bichi. Chini ya kipande hicho mlikuwa na utando mweupe, na uzi wa nyama uliokwama humo tangu Jumapili. Hilari aliubonyeza ufizi kwa kidole ili amwonyeshe panapouma. Maji mazito ya manjano yakatoka, na harufu ikaja nayo.

Magreth aligeuka, akatema mate kwenye majivu.

"Usinitemee hivyo, we! Ni gego la mwisho hilo, linaota. Likimaliza kuota litatulia."

"Mwambie mama."

"Nimwambie mama ili nikang'olewe? Halafu Pasaka apulize nani?"

Magreth alijua uzito wa swali hilo. Kwa Wamoravian, alfajiri ya Pasaka ni ya matarumbeta. Bendi huamsha mtaa, huwaongoza watu hadi makaburini, na jua linapochomoza tarumbeta la kwanza ndilo linaloanza wimbo wa ufufuo. Hilari alikuwa amepuliza sauti ya pili tangu akiwa na kaptura za shule. Mwaka huu, Mzee Lugembe, kiongozi wa bendi, alikuwa amempa sauti ya kwanza.

"Ukinyamaza, nitakufundisha wimbo wote wa Pasaka," alisema Hilari. "Ukisema, tarumbeta hili hutalishika tena. Chagua."

Magreth alichagua kunyamaza. Ila tangu siku hiyo alikiosha kipulizio kwa sabuni kabla ya kukigusa, na bado kilimchefua.

Harufu haikutulia. Hilari alianza kutafuna karafuu kutwa nzima, hata wateja pale kwenye baiskeli wakamwita Bwana Harusi kwa jinsi alivyonukia. Rafiki yake Masolwa, mpuliza tarumbeta mwenzake, alimpa ushauri. "Weka ugoro, mwanangu. Babu yangu kule Ipole hajawahi kumwona daktari wa meno. Ugoro tu."

"Babu yako ana meno mangapi?" aliuliza Magreth.

"Ana... ana ya kutosha."

"Nimemwona akicheka. Ana moja."

Hilari hakusikiliza. Alibandika ugoro chini ya ule ufizi. Maumivu yalipungua kidogo, harufu ikazidi. Ndipo akapata wazo lake mwenyewe, wazo la mtoto wa nyumba ya nyuki. Baba yao alikuwa na mizinga katika pori la Ipole, na mama yao aliuza asali na nta hapo nyumbani. Katika nyumba hiyo, nta ilikuwa dawa ya kila tundu. Ndoo ikivuja, mama alikanda nta akaziba. Mpini wa jembe ukilegea, nta. Bati likitoboka, nta. Basi Hilari alimega kipande kwenye mikate ya nta ya mama, akakilainisha mkononi, akaziba gego na ugoro wake na kila kilichokuwa chini yake.

"Sasa nusa," alimwambia Magreth, akampumulia usoni.

Kweli, ilinukia asali.

"Umeona? Hii itanifikisha Pasaka."

Siku mbili hivi baadaye shavu lake lilivimba. Mezani alimega tonge dogo kama la mtoto, akalisukuma ndani kwa kidole na kulitafuna upande mmoja, polepole, huku jicho likimtoka machozi. Mama alimtazama. Mama yao hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Una nini usoni?"

"Nyuki, mama. Ameniuma nikihamisha ndoo."

"Lini?"

"Juzi."

Mama aliinamia shavu lile. "Mwiba uko wapi? Mbona hujikuni, wala hapana alama?" Kisha akamgeukia Magreth. "Wewe ulikuwepo. Ulimwona huyo nyuki?"

Hilari alimkazia macho mdogo wake. Magreth alilikumbuka tarumbeta. Aliukumbuka wimbo, ambao sasa aliujua karibu wote.

"Ndiyo, mama," alisema. "Nilimwona."

Hakuwahi kumdanganya mama yake usoni namna ile, tena kwa mdomo uliojaa chakula chake.

Asubuhi ya Alhamisi, juma moja kabla ya Juma Kuu, Magreth aliingia chumbani kwa kaka yake kuchukua ndoo ya maji, akasimama mlangoni. Chumba chote kilinuka. Hakikunuka samaki tena, kilinuka kitu kilichokufa chini ya kitanda. Hilari alikuwa ameketi ameinamisha kichwa, nyuzi za mate zikining'inia kutoka mdomoni hadi kwenye beseni. Hakuweza kuyameza. Shingo chini ya taya ilikuwa ngumu na imejaa, na alipojaribu kusema, meno hayakuachana hata upana wa kidole.

"Ushi... shimwambie..." alisema, na mate yaliyochanganyika na kitu cha kahawia yakadondoka.

Magreth alitazama beseni. Aliziba mdomo kwa mkono. Akafikiri: nikisema, nitapigwa kwa uongo, na tarumbeta nimelikosa. Nisiposema, je? Alimtazama kaka yake akihangaika kumeza, akashindwa, akahangaika tena. Alikimbia hadi uani, ambako mama yake alikuwa akichemsha masega.

"Mama, hakukuwa na nyuki."

Mama aliacha kukoroga. "Rudia."

"Hakukuwa na nyuki. Nilisema uongo. Ni jino. Limeoza... sijui limeoza nini, linatoa usaha, na ameliziba kwa nta yako, na sasa hawezi kumeza."

"Nta yangu?"

"Na ugoro chini yake."

Mama aliondoa sufuria motoni, akafunga kanga kiunoni. "Wewe nitaonana nawe baadaye. Kaite bajaji."

Hospitalini walimkuta daktari wa meno aliyeitwa Shaima Humaidi, binti wa familia ya zamani ya wafanyabiashara wa mjini. Alimlaza Hilari kitini, akavaa glavu, akampa sindano ya ganzi, akasubiri, kisha akamsaidia kufungua taya kidogo kidogo. Hilari aliishika mikono ya kiti kana kwamba kitapaa.

Daktari alimulika. Akasogeza uso nyuma. "Kijana, umeweka nini humu?"

"Nta," alijibu mama kwa niaba yake, akiangalia ukuta. "Nta ya nyuki. Ya kwangu mwenyewe, namba moja."

Daktari alichukua kikoleo chembamba akavuta. Kilichotoka kilikuwa donge jeusi lenye umbo la gego, ugoro umeshikamana nalo, na ndani yake punje za wali, majani ya mchicha na ule uzi wa nyama, ambao sasa haukuwa na rangi ya nyama tena. Nyuma yake usaha ulibubujika, wa manjano na wa kijani. Muuguzi alifungua dirisha. Mama, ambaye huchuja asali yenye funza bila kukunja uso, aliziba pua kwa ncha ya kanga.

"Toka nje kama unashindwa," alimwambia Magreth.

"Nitakaa," alisema Magreth, machozi yakimtoka kwa ile harufu.

Daktari alisafisha, akasafisha tena, kisha akampeleka Hilari kupigwa picha ya taya. Waliporudi, daktari aliinua ile picha kwenye mwanga wa dirisha, akamwita Magreth.

"Njoo uone, binti. Haya ni magego ya mwisho. Watu huyaita meno ya hekima, kwa sababu huota mtu akiwa mkubwa, kwenye miaka kumi na saba na kuendelea. Wengi huota wima na hayamsumbui mtu. Hili la kaka yako limekosa nafasi. Limelala ubavu, linamsukuma jirani yake, na ufizi umelifunika nusu kama mfuniko. Chakula kinaingia chini ya mfuniko, mswaki haufiki, kinaoza."

"Lingeachwa je, daktari?" aliuliza Magreth.

"Mlango wa usaha mmeuziba, kwa hiyo umetafuta njia nyingine. Unaona hapa chini ya taya? Umeanza kushuka shingoni. Mngesubiri hadi Pasaka, uvimbe ungebana koo. Mtu hafi kwa jino, anakufa kwa kukosa pumzi."

Hilari alifumba macho.

Walimlaza wodini, wakampa dawa za sindano. Juma Kuu lilipofika, uvimbe ulikuwa umeshuka, gego likang'olewa vipande vipande. Daktari alimpa Hilari masharti: aume pamba aliyowekewa, asivute chochote kwa mrija, asukutue polepole kwa maji ya chumvi kuanzia kesho yake, na asipulize tarumbeta hadi kidonda kifunge.

"Pasaka ni Jumapili hii, daktari," alinong'ona Hilari.

"Pasaka itakuja tena mwakani. Ukipuliza, damu iliyoganda itatoka kwenye tundu, na maumivu yake utawasimulia wajukuu."

Jioni Hilari aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Magreth alimkuta Mzee Lugembe sebuleni kwao, kofia magotini. Alimwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Masolwa atashika sauti ya kwanza. Sauti ya pili haina mtu. Kaka yako anasema wewe unaijua."

Magreth alimtazama Hilari. Hilari, shavu limefungwa kitambaa, aliitikia kwa kichwa. "Anaijua," alisema. "Na kipulizio anakiosha kuliko sisi wote."

"Kitachemshwa kwanza," alisema mama. "Ndipo akiguse."

Alfajiri ya Pasaka watu walikusanyika makaburini, umande ukilowesha viatu. "Mwangaluka," wazee waliamkiana kwa Kinyamwezi. Mpulizo wa kwanza wa Magreth ulitoka kama mbuzi aliyekanyagwa, na watoto wa nyuma wakacheka. Wa pili ukakaa sawa. Hilari alisimama kando yake na ngoma aliyopewa, akipiga polepole, macho yakiwa kwenye tarumbeta ambalo angekuwa nalo yeye. Jua lilipochomoza, aliinamisha uso akaufuta kwa mkono wa shati. Hakuna aliyemuuliza kama ni jino.

Nyumbani, baada ya chai, mama aliwaketisha wote wawili kwenye gogo nyuma ya nyumba. Magreth alijua kwamba "baadaye" ile imefika.

"Ulinidanganya mezani kwangu," mama alimwambia.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Kwa tarumbeta."

"Ndiyo, mama."

"Mwezi mzima utaosha sufuria za masega, zote, hadi zing'ae. Hiyo ni ya uongo. Lakini ulikuja kusema kweli ukijua utaadhibiwa na utapoteza unachokipenda. Hilo nimeliona, na kwa hilo kaka yako anapumua." Kisha akamgeukia Hilari. "Na wewe, fundi wa nta. Nimewafundisha kuziba ndoo, nikasahau kuwafundisha jambo jingine, kwa hiyo sikilizeni sasa. Ndoo inazibwa ili kitu kizuri kisipotee. Kilichooza hakizibwi. Mzinga ukiingiwa na nondo, wale wadudu wala nta, baba yenu anafanya nini?"

"Anaufungua," alisema Hilari.

"Anaufungua, anakwangua, anachoma uchafu, hata kama unanuka na hata kama atakosa asali ya msimu huo. Akiuziba, anapoteza mzinga wote. Ugonjwa ni hivyohivyo, na uongo ni hivyohivyo. Ukiwa na kitu kinachonuka, niletee kingali kidogo. Nitakunja pua, nitagomba, halafu tutakisafisha. Nimeeleweka?"

"Tumekuelewa, mama."

"Haya, fungueni midomo. Nyuma kabisa."

Hilari alifungua kwa uangalifu, Magreth akaachama kama kiboko. Mama alimulika mmoja, akamulika mwingine, akanusa, akakunja pua.

"Hilari, sawa. Magreth, nenda kapige mswaki tena. Una mchicha."