Paka wa Chumba cha Kuanikia

Kila Jumamosi asubuhi, Kerubo alipika chai kabla mama yake hajarudi kutoka zamu ya usiku hospitalini, akafagia sebule, kisha akateremsha nguo zilizofuliwa hadi chumba cha kuanikia. Chumba hicho kilikuwa chini kabisa ya jengo lao la fleti huko Edgbaston, mjini Birmingham, na wakazi wote walikitumia kwa pamoja. Mvua ilinyesha karibu kila siku, kwa hiyo nguo hazikuanikwa nje. Humo ndani mlikuwa na tangi kubwa la kuchemshia maji, na joto lake lilikausha hata mablanketi.

Kerubo alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyeijua. Nyuma ya tangi, ndani ya kasha la mbao, alimfuga paka mchanga mwenye rangi ya kijivu aliyemwita Masizi. Alimwokota kando ya mapipa ya taka, amelowa na kutetemeka. Tangu siku hiyo alimpelekea maziwa kila asubuhi. Mama yake, Zilpah, alipouliza kwa nini maziwa yalikuwa yakiisha upesi, Kerubo alicheka na kusema, "Mama, chai isiyo na maziwa mengi ni chai gani?"

Alijua kwamba alikuwa akikosea. Kwenye ukumbi wa kuingilia, Chama cha Wakazi kilikuwa kimebandika kanuni zake, na mojawapo ilisema kwamba mkazi yeyote asifuge mbwa, paka wala ndege bila idhini ya mkutano. Aliyeivunja angeweza kuamriwa kuhama. Kerubo aliisoma akakunja uso. "Kwetu Kisii paka haombewi ruhusa," alijiambia. "Paka huja, hukamata panya, basi."

Jumamosi moja ya mwaka 1972 alimkuta rafiki yake Jasbir katika chumba cha kuanikia. Jasbir alizaliwa Kisumu, na familia yake ilihamia Uingereza miaka michache kabla ya hapo. Wasichana hao walisoma darasa moja. Shuleni walizungumza Kiingereza, lakini kwenye lifti walitumia Kiswahili ili wawasengenye watu wazima bila wasiwasi.

"Njoo unisaidie kukunja kilemba cha Baba," Jasbir alisema.

Kilemba kilikuwa kitambaa kirefu cha buluu ambacho mtu mmoja hawezi kukikunja vizuri. Jasbir alishika ncha moja, Kerubo akashika nyingine, wakaanza kukivuta ili kinyooke.

"Vuta, wewe! Unavuta kama bibi mgonjwa."

"Nikivuta kwa nguvu zangu zote utaruka mpaka huku, mwembamba wewe!"

Walikuwa bado wanacheka Jasbir alipoacha kuvuta. "Haya ni nini?" aliuliza. Katikati ya kitambaa kulikuwa na manyoya mengi mafupi ya kijivu. Usiku kilemba kilikuwa kimeteleza kutoka kwenye kamba, na Masizi alikuwa amelala juu yake.

Kabla Kerubo hajajibu, mlango ulifunguliwa. Bwana Pritchard, katibu wa Chama cha Wakazi, aliingia na kapu lake la nguo. Alikitazama kitambaa, kisha akainama na kukichunguza.

"Manyoya ya paka," alisema. "Kitambaa hiki ni cha baba yako, sivyo?"

"Ndiyo, bwana," Jasbir alijibu, "lakini sisi hatuna paka!"

"Kwa wiki kadhaa nimesikia sauti ya paka humu. Sasa nimejua ni wa nani."

Akatoka na kapu lake. Sentensi moja tu kutoka kwa Kerubo ingetosha, lakini hakuitamka.

Jioni hiyohiyo Bwana Pritchard alibisha kwa akina Jasbir. Alimwambia Gurbachan, baba yake Jasbir, kwamba mkutano wa Alhamisi ungeamua kama mwenye jengo aombwe kuwahamisha.

Jumatatu, wakiwa njiani kwenda shule, Jasbir hakufanya mzaha. "Baba hali chakula," alisema. "Bibi yangu anakuja kutoka Kampala. Serikali ya huko imewaamuru Waasia waondoke Uganda, na sanduku lake ni moja tu. Tukifukuzwa, atafikia wapi?"

"Labda watasahau," Kerubo alinong'ona.

"Wasahau? Bwana Pritchard anakumbuka hata nani alibamiza mlango mwaka jana!" Jasbir alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likapotea. "Nikimjua mwenye paka huyo, sitasema naye tena maishani mwangu."

Siku nzima Kerubo hakuelewa lolote lililofundishwa. Jioni alimkuta mama yake ameketi jikoni, miguu yake iliyovimba ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, akijiandaa kwa zamu nyingine. Kerubo akapiga magoti kando ya beseni na kumweleza kila kitu.

Zilpah alitoa miguu yake kwenye beseni. "Kwa nini hukuniambia siku ile ulipomwokota?"

"Ungesema tumtoe."

"Huenda ningesema hivyo. Au tungekwenda mkutanoni tukaomba. Sasa hatutajua kamwe, kwa sababu hukuomba."

"Mama, tafadhali, waambie wewe. Wewe ni mtu mzima. Watakusikiliza."

"La, mwanangu. Aliyenyamaza ni wewe. Nitabadilisha zamu ya Alhamisi nisimame kando yako, lakini maneno yatatoka kinywani mwako. Na leo hii tutaanza kwa Baba Jasbir."

Gurbachan aliwafungulia mlango akiwa bado na sare ya kazi. Alikuwa fundi katika karakana moja ya treni huko Tyseley. Kerubo alizungumza akitazama viatu vyake. Alipomaliza, Jasbir, aliyekuwa nyuma ya baba yake, aliingia chumbani kwake na kufunga mlango.

"Umeniumiza, Kerubo," Gurbachan alisema polepole. "Lakini umekuja. Alhamisi uje pia."

Siku ya mkutano, wakazi walijaa ukumbini. Bwana Pritchard alipoanza kusoma mashtaka, Kerubo alisimama. Alihisi kiganja cha mama yake mgongoni.

"Paka ni wangu," alisema. "Nilimficha nyuma ya tangi. Familia ya Jasbir haikujua. Nilinyamaza walipolaumiwa, na ninaomba radhi."

Ndipo Gurbachan akainuka. "Bwana Katibu," alisema, "ulikuja mlangoni kwangu ukaniambia kwamba nina paka. Hukuniuliza. Kama ungeniuliza, ningekusaidia kumtafuta mwenye paka."

Uso wa Bwana Pritchard uliiva kwa aibu. "Ni kweli," alikiri. "Sikuuliza. Nisamehe."

Bi Whitlock, mwanamke mzee aliyeishi fleti ya chini, jirani na chumba cha kuanikia, aliinua mkono wake. Maneno yake yalikatizwa na kikohozi. "Mimi ndiye niliyeomba kanuni hiyo iwekwe. Manyoya ya paka hunibana kifua. Mwezi huu wote sikupata usingizi, na daktari hakujua sababu."

Kerubo alimtazama, machozi yakamlengalenga. Alikuwa amemwona bibi huyo akikohoa karibu na lifti mara nyingi, wala hakuwahi kuwaza kwamba chanzo ni paka aliyemficha.

Mkutano uliafikiana kwamba familia ya Gurbachan haina kosa, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mkazi atakayehukumiwa kabla ya kusikilizwa. Kerubo angekisafisha chumba cha kuanikia, na paka angeondoka.

"Ghala la vipuri kazini kwangu lina panya wakubwa," Gurbachan alisema. "Msimamizi amekuwa akitafuta paka. Nitamchukua kesho asubuhi."

Watu walipotawanyika, Jasbir alimkaribia Kerubo akiwa amekunja mikono. "Nilisema sitasema nawe tena maishani," alisema. "Nimepunguza. Mpaka Jumapili."

"Sasa si unasema nami?"

"Nakupa taarifa tu!" Jasbir akajibu, akaondoka akijitahidi asicheke.

Zilpah alimshika Kerubo mkono wakapanda ngazi pamoja.

"Uliidhani kanuni ile ni karatasi tu ukutani," alisema mama. "Kumbe nyuma yake alikuwepo Bi Whitlock na kifua chake. Siku nyingine ukiona kanuni haifai, simama mkutanoni uipinge mbele ya watu. Hiyo ni haki yako hata kama wewe ni mtoto na mgeni katika nchi hii. Lakini ukiivunja kwa siri, atakayeumia ni jirani ambaye hata hajui kilichotokea. Umesema kweli leo, nami nimefurahi. Ungeisema Jumamosi ile, Baba Jasbir asingekaa siku zote hizo bila kula. Sasa chukua ndoo na sabuni, twende tukaondoe manyoya hayo ili Bi Whitlock aanze kupata usingizi."