Mbu wa Lassina

Asubuhi ile mbu waligoma kula. Djeneba Sidibé aliingiza mkono kwenye kizimba chao cha neti, kama mbu wanavyolishwa siku zote katika kituo chetu cha utafiti hapa Bobo-Dioulasso, akangoja. Majike, na njaa yao yote, walijibanza upande wa pili, karibu na kigoda cha Lassina Sanou.

Lassina ndiye aliyezoea kuwalisha kwa damu ya mkono wake. Tulikuwa tumemzika Ijumaa.

Malaria ilimuua, mfanyakazi wa kituo cha utafiti wa malaria! Aibu hiyo hatuitaji mbele ya wageni. Alikuwa amemwendea Djeneba akitetemeka. Kipimo cha haraka kilionyesha hana kitu, lakini wapo vimelea ambao kipimo hicho hakiwaoni, na hao ndio tunaowatafiti. Akaomba damu yake iangaliwe kwa hadubini. Tatizo ni kwamba Wabobo na Wafulani ni watani, kila mmoja humwita mwenzake mtumwa.

"Mbobo, umelewa pombe yako ya dolo tena," Djeneba alimwambia. "Nenda kalale, mtumwa wangu."

"Haya, Mfulani," Lassina akacheka, maana mtani hakasiriki. Akaenda kulala, na hakuamka.

Baada ya mbu kugoma ikaja harufu ya kokwa za kola, zile alizokuwa akizitafuna Lassina kutwa. Kisha mchana kweupe, mlango umefungwa, Djeneba akasikia kisogoni sauti ikiwaamkia mbu kama Lassina alivyowaamkia enzi zake, mmeamkaje, na waume zenu, na watoto, na huko majini mlikotoka, na kwa kila salamu mbu wakinyamaza kwanza halafu wakivuma wote kwa pamoja.

Tukamleta karamoko, mwalimu wa chuo cha Kurani. Alikataa kuvuka kizingiti.

"Amekufa na hasira tumboni," alimnong'oneza Djeneba. "Akikukasirikia kweli, hata mara moja tu, ataondoka."

"Na asipokasirika, karamoko?"

"Usiniulize hilo, mwanangu."

Djeneba akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Lassina, mimi ndiye niliyekuua. Nilikuona unatetemeka, nikakufanyia mzaha. Nikasirikie, kaka yangu. Nitukane, nilaani, lakini usinicheke."

Kigoda kikatoa mlio, kama mtu anaposogea juu yake. Harufu ya kola ikamjaa usoni.

"We Mfulani," sauti ikasema kwa upole, "tangu lini mtu akamkasirikia mtumwa wake?"

Ikacheka. Djeneba akalia, akasihi, akapiga kichwa sakafuni, na kadiri alivyosihi ndivyo kicheko kilivyozidi kunoga, kicheko cha rafiki asiye na kinyongo chochote.

Sisi wengine tumekihama chumba kile. Djeneba huingia kila asubuhi, na tukipita ukumbini tunamsikia akiomba atukanwe.