Majibu ya Ofisi Tatu

Mtaani walimwita Mwepesi, maana ukimtuma dukani alirudi kabla mate hayajakauka. Alikuwa darasa la sita. Kila akitoka shule alivua sare, akala, kisha akakaa sakafuni kumshonea mama vifungo vya nguo za wateja. Mama alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake, ile nzito ya kukanyaga aliyoachiwa na babu, ndiyo iliyowalisha wote wawili.

Mwezi huo mwenye nyumba aliitaka nyumba yake, nao wakapata vyumba upande wa pili wa jiji.

"Nyuma ya soko kuna ofisi tatu za kuhamisha vyombo," mama alisema, macho yakiwa kwenye sindano. "Nenda zote, mwanangu. Wote watakwambia wanafunga vyombo. Wewe uliza wanafunga kwa kitu gani, kamba au mablanketi. Uniandikie jibu la kila mmoja."

Katika ofisi ya kwanza karani alikuwa akitafuna karanga. "Shikamoo. Mama anauliza, mnafunga vyombo?"

"Marahaba. Tunafunga, tena kisawasawa."

Mwepesi akaandika: wanafunga. Lile la kamba na mablanketi lilikuwa limeshamponyoka njiani.

Alipotoka aliwakuta wenzake wa darasani wakicheza rede, mchezo wa kukwepa mpira, kwenye kiwanja. Wakampa zamu, basi tena, mtoto akasahau alichotumwa. Alipokuja kukumbuka, ofisi mbili zilizobaki zilikuwa zimefungwa. Hakuzoea kurudi mikono mitupu, kwa hiyo akakaa kwenye jiwe akaandika: ya pili, hawafungi. Ya tatu, hawafungi, tena wana maneno machafu. Hilo la mwisho alitia chumvi tu, ili karatasi inoge.

"Umekwenda zote?" mama akauliza.

"Zote, mama."

Mama akaisoma, akaona ni ofisi ya kwanza tu inayofunga; akadhani ni kwa mablanketi, akaikunja karatasi, akaichagua.

Jumamosi asubuhi lori lilikuja na wapakiaji wawili. Mama akachungulia ndani, akaona kamba tupu. "Mablanketi yako wapi?"

"Sisi tunafunga kwa kamba, mama," mkubwa wao akajibu kwa upole. "Wenye mablanketi ni jirani zetu, ofisi ya pili."

Mama akamgeukia binti yake. Mwepesi akatazama kucha zake. Angeweza kusema pale pale, lakini aliona haya, na mwenye nyumba alikuwa ameshasimama mlangoni akisubiri funguo. Cherehani ikafungwa kamba kati ya kabati na kitanda. Kwenye kona ya kuingia mtaa mpya kamba ikalegea, cherehani ikaangukia ubavu, mguu mmoja ukavunjika na gurudumu likapinda.

Mama hakugombana na mtu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakipapasa kile chuma. Afadhali angemgombeza. Mwepesi akasema yote, rede na karatasi, huku kamasi zikimtoka.

Fundi wa vyuma alichomelea mguu na kunyoosha gurudumu, lakini kazi hiyo ilichukua siku tisa. Siku zote hizo mama alishona kwa mkono. Wateja wawili walichukua vitambaa vyao wakaenda kwa fundi mwingine. Mwepesi alikaa kando yake akikunja pindo za nguo, na kila alipomwona mama akinyonya kidole kilichochomwa na sindano, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Cherehani ilipoanza kulia tena, mama alisimamisha mguu akamtazama.

"Kucheza sikukukataza, wewe ni mtoto. Lakini karatasi ile niliiamini kama macho yangu. Ukitumwa jibu, lete uliloambiwa. Kama hukuambiwa, sema hukuambiwa. Ungesema tu, 'Mama, sikufika,' ningejifunga kanga nikaenda mwenyewe."

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe siku ileile."

Mwepesi akainamia pindo lake, machozi yakaanza upya. Kutoka kiwanjani hadi mlango wa ofisi ya pili zilikuwa hatua ishirini tu.