Fomu ya Kitanda cha Sita

Haya yalimpata shangazi yangu, na mpaka leo hapendi yatajwe mbele yake.

Alikuwa mhudumu wa mashine za kupumulia katika wodi ya wagonjwa mahututi. Wenzake wawili waliacha kazi, nafasi zao hazikujazwa, na mashine zote nane zikamwangukia yeye. Alipoomba likizo, mkuu wa wodi akampeleka semina ya afya ya wafanyakazi, akafundishwe kuvuta pumzi taratibu. Yeye! Miaka kumi na tisa anawahangaikia watu wapate pumzi, leo afundishwe kupumua. Alirudi amefura kwa hasira.

Kazi yenyewe ina sheria moja: kila baada ya saa mbili unasoma mashine, unaandika pumzi ngapi kwa dakika, unatia sahihi. Siku hiyo miguu ilikuwa imemvimba na hajatia kitu tumboni. Saa saba mchana, kwenye kitanda cha sita alikolala mzee mmoja, akajaza mapema mstari wa saa nane. Pumzi kumi na nne. Sahihi. Alitaka kupunguza mzunguko mmoja tu.

Saa saba na nusu mzee akafariki. Daktari alithibitisha, shangazi akaizima mashine na kuchomoa waya ukutani. Nesi akaenda kuwaita ndugu.

Saa nane kamili, mashine ikavuta pumzi.

Waya ulikuwa sakafuni. Kifua cha mzee kikapanda, kikashuka. Shangazi akahesabu kwa mazoea. Kumi na nne. Macho ya mzee yalikuwa wazi, yakimtazama.

"Nisamehe, baba," alinong'ona. "Nilichoka."

Akainyakua fomu, akaukata ule mstari kwa kalamu. Mashine ikanyamaza.

Hakumwambia mtu pale wodini. Aliikunja fomu akaitia mfukoni, na zamu ilipoisha akaacha barua ya kujiuzulu mezani kwa mkuu. Alitoka pale mwepesi.

Nyumbani, jua likiwa bado kali, alivua koti na fomu ikaanguka. Chini ya mstari alioukata palikuwa na mwingine, kwa mwandiko wake mwenyewe. Mgonjwa: jina lake. Saa kumi na moja jioni. Pumzi kumi na nne. Sahihi ilikuwa ya mkono unaotetemeka, wa mtu mzee.

Saa ya ukutani ikagonga kumi na moja. Akabana pumzi. Kifua kikapanda chenyewe.

Fomu aliichoma. Jana nilikaa naye sebuleni. Nilimhesabu pumzi akicheka, nikamhesabu akisinzia. Kumi na nne.