Chaneli ya Kushoto

Zaitun, muuza vitenge wa Kibondo, ndiye aliyemwambia Akimana kwanza kwamba amplifaya ya gari la mteja haikuharibika yenyewe. Iliharibiwa kwa makusudi.

Zaitun alilitambua gari hilo mara tu alipoliona limeegeshwa mbele ya banda la fundi Ndayikunda, mume wa Akimana. Lilikuwa la kaka yake, Athuman, aliyekuwa akilitumia kutangazia misiba na minada huko Kasulu.

"Mama Divine, sikiliza," alinong'ona, akimshika Akimana mkono. "Spika ya kushoto ilikuwa inaita watu kwa majina. Aliyeitika hakumaliza wiki. Shehe akasema tusiitupe, itatafuta nyumba nyingine. Akaikata ndani, isiweze kutamka. Sasa kaka kaliuza gari bila kumwambia mnunuzi. Mwambie mumeo asiguse kushoto!"

Ndayikunda alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, muziki ukicheza. Spika ya kulia iliimba safi. Ya kushoto ilikwaruza kama mtu anayesema huku mdomo umejaa mchanga.

"Baba Divine, Zaitun anasema uache."

"Zaitun auze vitenge." Akacheka. "Hebu tazama." Akabadilisha spika, ya kulia akaipeleka kushoto. Mkwaruzo ukabaki kushoto. Akabadilisha na waya zinazotoka kwenye redio. Ukabaki palepale. "Spika nzima, waya nzima. Ugonjwa umo ndani ya amplifaya. Jini gani linakaa chaneli moja tu? Limepanga chumba?"

Akaifungua. Upande wa kushoto, rezista moja, kile kipande kidogo cha kupunguza umeme, ilikuwa imekatwa kwa koleo, mkato safi, bila alama ya kuungua. Hapo Akimana akasikia harufu ya udongo uliolowa, ingawa ilikuwa saa nane mchana na mvua haikuwa imenyesha tangu Mei.

"Fundi gani mpumbavu hivi?" Ndayikunda alisema, akipasha moto chuma cha lehemu.

"Mume wangu, nakuomba."

"Mwenye gari anakuja jioni, mama."

Akaunga.

Mkwaruzo ukakoma. Muziki ukatoka pande zote mbili, mtamu. Ndayikunda akatabasamu, akazima redio. Spika ya kulia ikanyamaza. Ya kushoto ikaendelea kupumua.

"Ndayikunda," ikaita.

Kwa watu waliotoka Burundi kama wao, mtu mwenye malezi akiitwa huitika "Karame" papo hapo. Haulizi kwanza ni nani anamwita. Mdomo wa Ndayikunda ulikuwa umeshafunguka Akimana alipouziba kwa kiganja, wakabaki hivyo wakitazamana, huku spika ikiita mara ya pili, na ya tatu, kila mara ikikaribia zaidi sauti ya marehemu mama yake, mpaka machozi yakamtiririka fundi kwa kutamani kujibu.

Kisha ikabadilika. Ikatoka sauti ya Akimana mwenyewe.

"Divine we! Njoo!"

Akimana akamwachia mumewe, akazirukia waya, akazing'oa zote, hata za betri, lakini sauti ikaita tena bila waya wowote, na kutoka nyuma ya nyumba mtoto wa miaka mitatu, ambaye mama yake alimfundisha adabu kila asubuhi kabla ya kumpa uji, akajibu kwa sauti nyembamba, iliyonyooka:

"Karame!"

Spika ikanyamaza.

Ndayikunda akaikata tena rezista. Spika haikukwaruza, haikupumua. "Imeondoka," alisema.

Zaitun, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatikisa kichwa. "Imempata aliyeitika. Mpelekeni kwa yule shehe, Kasulu. Na Mama Divine, usimwache mtoto kwenye kimya. Kwenye kimya ndiko inakoitia."

Asubuhi Akimana akamfunga Divine mgongoni, akatoka kwenda stendi kutafuta gari la Kasulu. Yeye ambaye hata kanisani huimba akijificha nyuma ya wenzake, alipita katikati ya soko akiimba kwa nguvu zake zote. Wengine wakamcheka, wengine wakampisha wakidhani amefiwa. Koo lilimuwasha, lakini hakuthubutu kunyamaza, maana kila aliposita kuvuta pumzi, mtoto mgongoni aligeuza kichwa kushoto, akaitika taratibu:

"Karame."