Waliokunywa Tungini

Tungi-nyonyeshi lilikuwa likinguruma taratibu asubuhi ile, kama lilivyonguruma kwa zaidi ya miaka ishirini. Ndani yake, seli za titi la binadamu zilishikilia nyuzi laini kama utando wa buibui, zikilishwa sukari, chumvi na hewa, katika joto la mwili wa mama. Zilichotoa ni maziwa. Yalipita kwenye vichujio, seli zikabaki nyuma, na kila asubuhi yakavunwa na kurushwa kwa ndege-sanduku zisizo na rubani hadi kwa watoto wasio na wa kuwanyonyesha, kutoka Tanga mpaka Kilindi.

Bi. Salha, fundi wa tungi hilo, alifunga bomba la mavuno akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Magoti yalimuuma. Siku hizi alichoka kabla jua halijapanda.

Nasri, mwanawe wa pekee, aliingia na msichana aliyebeba hotpoti.

"Mama, huyu ndiye Raiyan."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Utatusamehe, hapa tunakalia ndoo kama wauza samaki."

Raiyan alicheka. Akavua kanga yake ya mabegani, akaikunja, akaiweka kati ya mgongo wa Bi. Salha na ukuta wa baridi. Hakuna aliyemwambia. Bi. Salha alikuwa ameomba mkwe wa namna hii kwa miaka mingi.

"Nimekuletea vitumbua. Nasri kasema unapenda vilivyoungua kidogo."

"Ananitangaza huyu."

Raiyan aliweka kiganja kwenye tungi. "Nilitamani kuliona. Mama yangu alifariki akinizaa, kule Handeni, mwaka wa ile homa. Hili ndilo lililonilea hadi nikaota meno."

Mkono wa Bi. Salha ulisimama njiani na kitumbua.

Mwaka wa homa, Nasri alikuwa bado ananyonya. Wodini watoto walilia, na wahandisi walihitaji seli za mama mwenye maziwa tele. Bi. Salha alijitolea, akaomba asitajwe. Seli zake zikagawanyika, zikagawanyika tena, wala hazikuzeeka. Yeye alizeeka. Wahandisi wale walishakufa. Angeweza kula kitumbua na kunyamaza.

Alikirudisha kwenye hotpoti.

"Seli zilizomo humu ni zangu," alisema. "Nasri alinyonya kifuani mwangu. Wewe, mwanangu, ulinyonya hapa."

"Mama, hii ni mashine," Nasri alisema. "Ndugu wa kunyonya, wasioruhusiwa kuoana, ni wa titi moja."

"Ni titi moja, baba. Liko mahali pawili."

"Tutamuuliza sheikh."

"Muulizeni. Akiona vingine nitafurahi kuliko nyinyi. Lakini nisingeweza kuvila vitumbua vyenu huku najua."

Nasri alitoka. Walimwona dirishani, amesimama juani, mikono kichwani. Raiyan hakumfuata. Alilia bila sauti kwa muda mrefu, kisha akainuka, akachukua chupa za mavuno zilizokuwa miguuni mwa Bi. Salha, akaanza kuzipanga kwenye sanduku la barafu.

"Acha, mwanangu. Hiyo ni kazi yangu."

"Umechoka." Akapanga nyingine. "Ulikuwa ukijua ni akina nani tuliokunywa?"

"Hapana. Nilikuwa nikiwaombea wote."

"Basi uliniombea," Raiyan alisema, akainama kuchukua chupa nyingine.