Nyenze wa Daftari la Buluu

Kila Jumamosi asubuhi Chinatsu alivua viatu mlangoni mwa ukumbi wa mtaa, akavipanga kando ya viatu vya wazee, kisha akaingia kwenye kikundi cha mashairi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mtoto alikuwa yeye peke yake. Kiongozi wao, Profesa Kuramochi, alisomea wadudu maisha yake yote, na jioni alitunga haiku, yale mashairi ya Kijapani ya mistari mitatu ambayo lazima yataje majira. Wanasayansi wenzake walimcheka, eti mshairi. Washairi nao walimwita bwana wadudu. Mwenyewe wala hakujali.

Jumamosi moja ya Juni, mvua zikiwa bado hazijakatika, Chinatsu hakuwa na shairi. Akafungua haraka haraka kitabu cha maneno ya majira, akachagua "nyenze wa kwanza", yule mdudu wa mitini ambaye huanza kulia mvua zikikatika, akatunga na kusoma:

Nyenze wa kwanza,
viatu vyangu bado
vina matope.

"Lo! Mtoto katumaliza leo!" akasema Bibi Toyoko, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Profesa hakupiga. Aliinama mbele akauliza, "Chinatsu, umemsikia kweli?"

Macho yote yalikuwa kwake. "Ndiyo, Profesa. Kwenye mti wa cheri, pale shuleni."

Profesa akatoa daftari la buluu na kuandika tarehe. Maskini Chinatsu! Hakuwa amesikia nyenze yeyote.

Nyumbani alimuuliza mama yake, "Mama, shairi linaweza kuwa uongo?"

"Uongo gani? Babu yako aliandika kwamba mwezi umeanguka kwenye supu yake. Ulianguka?" Mama akacheka, akaendelea kuosha mchele. Chinatsu akazidi kuchanganyikiwa. Kama babu hakukosea, mbona yeye anajiona amekosa?

Jumamosi iliyofuata Profesa alikuja macho mekundu. "Miaka arobaini na moja naandika siku ya nyenze wa kwanza," aliwaambia. "Hajawahi kuwahi hivi. Keshokutwa natuma ripoti kwa wanasayansi, na huyu nyenze wa Chinatsu amenifanya niiandike upya yote."

Wazee walipotoka kunywa chai ya shayiri, Chinatsu alibaki.

"Profesa, sikumsikia."

Profesa akaweka kalamu chini.

"Lakini wewe uliandika shairi la theluji mwezi wa Agosti, joto limepamba moto!" Chinatsu akaanza kulia. "Bibi Toyoko akakusifu. Kwa nini langu liwe uongo? Mimi sielewi!"

"Shairi lako si uongo, mwanangu. Ni zuri, lisiguswe. Uongo ulianza nilipokuuliza, nawe ukajibu."

"Si ungeenda kusikiliza mwenyewe?"

"Nilikwenda. Wiki nzima nimesimama chini ya mti ule na mwavuli wangu." Profesa akagusa sikio lake. "Sauti nyembamba kama ya nyenze siisikii tena, mwaka wa tatu sasa; nategemea masikio ya wengine. Nikajua yupo, ila mimi ndiye nimezeeka."

Chinatsu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa hajafikiria kabisa kwamba mtu angeweza kusimama kwenye mvua kwa sababu ya neno lake moja.

Profesa hakufuta maandishi. Aliyakata kwa mstari mmoja, pembeni akaandika: "Hakusikika. Nilimuuliza mtoto mbele za watu." Akampa Chinatsu kalamu naye atie jina lake. "Kwenye shairi, ota utakavyo," alisema. "Lakini mtu akikuuliza ulichosikia, ujue atakwenda kusimama pale ulipomwambia. Ukiwa huna hakika, utasemaje?"

"Nitasema sijui."

"Vizuri. Na hilo pia tutaliandika."

Mvua zilikatika Julai. Asubuhi moja, akielekea darasani, Chinatsu alisikia sauti nyembamba juu ya mti wa cheri. Alisimama. Kengele ikalia, wenzake wakampita mbio, yeye hakutikisika mpaka sauti ilipolia tena. Baada ya masomo alikimbia moja kwa moja hadi kwa Profesa.

"Umemsikia kweli?"

"Mara mbili, Profesa. Nimechelewa hesabu kwa ajili yake."

Profesa akafungua daftari la buluu, akamsogezea kalamu. "Basi andika wewe," akasema. "Masikio ni yako."